Chapati si chapati: mezani kwa Wahindi wa Leicester

Nimekuwa kimya kwa sababu ya zamu za usiku, na aliyewahi kufanya kazi wodini anajua usiku nne mfululizo zinavyommaliza mtu. Leo nina jambo la tumbo, ila ndani yake mna historia nyingi kuliko mnavyodhani, kwa hiyo nivumilieni.

Kila Mbongo mgeni anayefika hapa Leicester huniuliza swali moja: jioni tukienda kwa Wahindi niagize mchuzi gani, na mkate gani? Anaona neno "chapati" kwenye karatasi ya vyakula, moyo unamruka, anaagiza tatu. Zinaletwa nyembamba, kavu, rangi ya kahawia, hata tone la mafuta hakuna. Anadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Chapati ya Wahindi wengi ni ya unga wa ngano usiokobolewa, unga na maji tu, inachomwa juu ya chuma kikavu. Wagujarati wenyewe huiita rotli. Zile zetu za kusukuma, za unga mweupe, zinazopakwa mafuta, kukunjwa na kusukumwa tena mpaka zikawa na matabaka, hapa jina lake ni paratha. Basi ukiwa na hamu ya nyumbani usiagize chapati, agiza paratha. Jina tulichukua la huyu, upishi wa yule.

Naan nayo ni habari nyingine. Neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake ni mkate basi, kwa hiyo anayesema "mkate wa naan" anasema mkate wa mkate. Unga wake ni mweupe, umeumuliwa, na hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo lenye moto mkali. Waliokula mkate wa mofa Zanzibar au Lamu hawahitaji maelezo zaidi. Na hilo tanuri, ambalo Wahindi huliita tandoor, ni ndugu wa damu wa neno letu, yote yametoka kwenye ukoo mmoja wa tannur ya Waarabu. Nyumba nyingi hazina tanuri la namna hiyo, ndiyo maana naan imekuwa mkate wa mkahawani zaidi, na chapati mkate wa nyumbani.

Haya, tuje kwenye michuzi.

Vindaloo ndiyo inayowatoa jasho vijana wa Kiingereza siku za Ijumaa. Jina lina asili ya Kireno: nyama iliyolazwa kwenye divai na vitunguu saumu. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, wapishi wa huko wakaweka siki na viungo vyao, pamoja na pilipili ambayo Wareno waliileta kutoka Marekani ya kale. Ni Wareno hao hao, wakitawaliwa kutoka Goa hiyo hiyo, walioanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Mikahawa mingine hapa huweka viazi ndani ya vindaloo kwa sababu "aloo" kwa Kihindi ni kiazi. Masikio yamepika!

Korma ya hapa ni ya wasioweza pilipili, tamu na yenye malai, mimi huwaachia madaktari. Dhansak ni ya Waparsi, nyama iliyopikwa na dengu, na kwa mtu aliyetoka zamu na njaa yake sioni mchuzi unaoshiba kuliko huo. (Mparsi maarufu kuliko wote hapa Uingereza alizaliwa Unguja mwaka 1946: Farrokh Bulsara, aliyekuja kuitwa Freddie Mercury. Familia yake ilihamia huku baada ya mapinduzi ya 1964.) Balti usiitafute India, ilianzia Birmingham katikati ya miaka ya 1970 kwa wahamiaji wa Kipakistani, hupikwa na kuletwa mezani kwenye karai moja jembamba la chuma, ukamega kwa naan bila kijiko. Tikka masala, kuku wa kuchoma kwenye mchuzi mzito wa nyanya na malai, hadi leo watu wanagombania nani aliibuni, na Glasgow ni mmoja wa wadai. Mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, alisimama akaitangaza kuwa chakula cha taifa cha Waingereza.

Na wapishi? Mikahawa mingi yenye neno "Indian" mlangoni imeendeshwa na watu wa Bangladesh, hasa wa Sylhet, ambao wazee wao walikuwa wachochea makaa kwenye meli za Waingereza. Kabla yao, mwaka 1810, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua mkahawa wa Kihindi jijini London. Mwaka 1812 akafilisika. Waingereza walikuwa hawajajua kutoka jioni kwenda kula kari, wenye pesa walikuwa na wapishi wao nyumbani.

Leicester yetu ina hadithi yake, na hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoingia, tupende tusipende. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kama 28,000 walikuja Uingereza, wengi wakafikia kwanza kwenye kambi za zamani za jeshi. Baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije huku, kwamba nyumba na shule zimejaa. Wakaja hata hivyo, kwa maelfu. Leo mji huo huo unawapeleka watalii Belgrave Road kula bajia.

Tusimcheke Amin peke yake. Tanzania mwaka 1971 tulitaifisha majumba ya kupangisha, na Waasia wengi wakafunga mizigo. Watu hawa walikuwa wamefanya biashara Unguja tangu enzi za Seyyid Said. Wengine walitoka Punjab kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, vibarua wapatao 32,000, na 2,500 hivi walikufa kazini. Chapati, bajia, achari, kachumbari: tulivipokea vyote mpaka tukasahau kama viliwahi kuwa vigeni. Waliovileta hatukuwapokea hivyo.

Nina mama mmoja niliyefanya naye kazi wodini hadi alipostaafu, Mgujarati aliyezaliwa Jinja. Namwita Mama, naye huniita mwanangu, kwa Kiswahili cha dukani kwa baba yake. Nyumbani kwake wanaongea Kigujarati, lakini kisu ni kisu, sufuria ni sufuria na ufagio ni fagio. Mwaka 1972 alikuwa na miaka kumi na miwili, na anakumbuka vizuizi vya askari njia nzima ya kwenda Entebbe, bangili za mama yake zikiishia kwenye kizuizi kimojawapo. Siku moja aliniuliza, "Huko kwenu bado wanatuita Wahindi?" Nikamjibu ndiyo, hata waliozaliwa hapo na babu zao wakazikwa hapo. Akacheka kidogo. Hapa pia anaitwa Mhindi, na India yenyewe amefika mara moja tu, kwa likizo.

Nikienda naye kula jioni simwachii mhudumu achague. Mama huagiza dengu, biringanya, paratha mbili na wali kidogo, maana yeye hali nyama, nami siku hiyo nafuata. Lakini kwanza kabisa lazima iletwe mogo, yaani vipande vya muhogo vilivyokaangwa kwa pilipili na ndimu, vinavyopatikana karibu kila mkahawa wa Kigujarati hapa mjini. Juzi mhudumu, kijana aliyetoka Ahmedabad karibuni, alitueleza kwa adabu kuwa hicho ni chakula ambacho kwao hakijulikani sana, amekikuta huku Leicester, na hajui jina hilo ni la lugha gani.

"Muhogo huo, mwanangu," Mama akamwambia kwa Kiswahili, kisha akamwomba aongeze ndimu.