Ukingo wa Dari na Waya wa Ukutani

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kinamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari lake, ili mtu akianguka, hatia ya damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Katika nchi ya Waisraeli dari lilikuwa tambarare. Rahabu alianika kitani darini, na Mtume Petro alipanda darini kusali. Mgeni aliyelala huko hakujua gizani dari linaishia wapi. Mwenye nyumba alijua, na kwa sababu hiyo Musa alimdai kazi kabla ya msiba, wala hakungoja mtu aanguke. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinafuata njia hiyo hiyo: aliyechimba shimo asilifunike, ng’ombe wa jirani akitumbukia, mwenye shimo atalipa.

Ndugu wapendwa, agizo hilo linatugusa sisi wa Salamabila. Dhahabu ya Namoya imewavuta watu wengi kwetu. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ikasimamisha kazi Septemba 2019. Lakini wachimbaji wa mikono, wafanyabiashara na walimu bado wanatafuta vyumba. Wengi wetu tulio katika chama hiki tunapangisha chumba kimoja au viwili. Nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa ajili ya taa ya mafuta. Umeme umeingia baadaye, kwa jenereta ya jirani au kwa paneli za jua, na waya umepitishwa pale ulipopata nafasi: chini ya mabati, juu ya boriti kavu, kando ya ukuta unaolowa wakati wa mvua. Huo ndio dari lisilo na ukingo la siku zetu. Mpangaji anaona taa tu; maungio yaliyofichwa juu ya boriti hayaoni.

Je, sheria ya nchi inasemaje? Tarehe 30 Julai 1888, Dola Huru ya Kongo ilitoa dekreti juu ya mapatano na wajibu, ambayo hata leo ni sehemu ya Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za kiraia. Wakati huo Kasongo haikuwa chini ya maofisa wa Mfalme Leopold. Ilikuwa mikononi mwa Waarabu na Waungwana wa Tippu Tip, hata majeshi ya Dhanis yalipoiteka mwaka 1893. Sheria ilitangulia kuandikwa, ndipo ikatufikia. Utawala ule ulitenda mabaya mengi, lakini maneno haya yalitoka katika sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804, na maana yake ni njema. Kifungu cha 258 kinasema kwamba aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake ni lazima afidie. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu huwajibika pia kwa madhara ya vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Kifungu cha 262 kinamtaja mwenye jengo lililobomoka kwa kukosa matengenezo au kwa kujengwa vibaya.

Wale waliotunga maneno hayo hawakufikiria waya wa umeme. Mashine ndizo zilizowalazimisha mahakimu wayasome upya. Huko Ufaransa, fundi aliyeitwa Teffaine aliuawa na mlipuko wa mashine ya mvuke katika meli ya kuvuta meli nyingine. Kasoro ilikuwa ya mtengenezaji, nayo ilikuwa imefichika. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Ufaransa iliamua kwamba mwenye meli hawezi kujiepusha na wajibu kwa kusema kosa ni la mtengenezaji, wala kwa kusema kasoro haikuonekana. Tuyapime maneno yetu kwa hukumu hiyo. Mara ngapi mwenye nyumba husema, “Ni fundi aliyefunga vibaya,” au, “Sikujua”? Asiyejua ndiye aliyepaswa kuuliza, kwa maana kodi huja mkononi mwake.

Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya nyumba za kupanga, imeweka mpaka kwa dhamana tunayoiita garanti: kwa nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Sisi wenye nyumba hatusahau kuhesabu miezi hiyo. Tuhesabu pia kile tunachompa mpangaji. Huko Uingereza, tangu mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupanga analazimishwa kuita mtu mwenye ujuzi akague umeme angalau kila miaka mitano, na nakala ya taarifa apewe mpangaji. Kwetu mkaguzi wa namna hiyo ni shida kumpata. Lakini Musa naye hakuwa na mkaguzi, alikuwa na dhamiri ya mwenye dari.

Tarehe 2 Februari 2022, huko Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia soko wakati wa mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama wauzaji. Umeme wetu ni mdogo kuliko ule, lakini jenereta ya nyumbani inatosha kuua mtoto anayeshika ukuta uliolowa, na maungio yaliyolegea yanatosha kuwasha boriti usiku watu wakiwa wamelala.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea kodi ya mwezi ujao, kila mwenye nyumba kati yetu azime umeme, apande pamoja na fundi, aangalie waya hatua kwa hatua. Waya uliochubuka ubadilishwe, usifungwe kwa plastiki. Maungio yawekwe ndani ya kisanduku, mbali na mabati na maji. Pawekwe chombo kinachokata umeme chenyewe panapotokea hitilafu, na mpangaji aonyeshwe mahali pa kuzimia. Mpangaji naye akinusa harufu ya kuungua aseme siku hiyo hiyo, wala asitishwe kufukuzwa kwa kusema.

Gharama yake huenda ikala kodi ya miezi kadhaa. Ukingo wa dari nao uligharimu mawe na siku za kazi, na Mungu aliuagiza kabla hajaanguka mtu yeyote.