Nyumba ya Nairobi si nyumbani: historia fupi ya safari ya kazini

Siku hizi ukifungua simu hukosi mtu analalamika kwamba kampuni yao imetuma barua: mambo ya kufanyia kazi nyumbani yameisha, Jumatatu kila mtu aonekane ofisini. Halafu vita vinaanza kwa comments. Upande mmoja unasema vijana ni wavivu, wanataka mshahara wakiwa kitandani. Upande mwingine unasema mabosi hawana imani, wanataka tu kuhesabu vichwa. Nimesoma hizo hoja zote na kuna kitu kinanikera. Tunaongea kana kwamba ofisi iliumbwa siku moja na Mlima Kenya. Hii safari ya kutoka mtaani hadi tao kila asubuhi ina historia, na wala si ndefu. Kuna watu waliipanga, na tunaweza kusema ni lini na kwa nini.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Mkenya akikuambia "Disemba naenda nyumbani," unajua hamaanishi Umoja wala Rongai. Anamaanisha ushago, kule makaburi ya babu zake yako. Pale anapolala Nairobi ni nyumba, ni keja, ni ploti ya mtu. Tumetenganisha hivi vitu viwili kwa lugha hadi hatuoni ajabu yake. Mtu anaishi Nairobi miaka 40, analipa kodi kila tarehe 5, na bado ukimuuliza nyumbani ni wapi anakutajia kijiji.

Haikuwa hivyo kila mahali wala kila wakati. Sehemu kubwa ya hii nchi, kazi na nyumbani vilikuwa mahali pamoja. Shamba liko hapo nyuma, mifugo iko uani, mfinyanzi na mhunzi wanafanyia kazi kwao. Pwani, kwenye miji kama Lamu na Mombasa, tajiri wa nyumba ya mawe alipokea wateja na wageni wake kwenye daka, pale mlangoni, ama barazani. Bei zinajadiliwa hapo, deni linadaiwa hapo, na familia iko ndani. Ukitaka kuiita ofisi, sawa, lakini hakuna aliyepanda gari kuifikia. Sitaki kuipaka hiyo enzi sukari. Nyumba nyingi za aina hiyo ziliendeshwa na watumwa, na wao hawakuwa na saa ya kutoka kazini. Kumbuka hilo, kwa sababu linarudi baadaye.

Kilichovunja huo mpango ni kodi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na mji ukaota kwenye kinamasi. Mji na mashamba ya walowezi yalihitaji wafanyakazi, lakini mtu mwenye shamba na mbuzi hana haraka ya kwenda kulimia mwingine. Basi kuanzia 1901 serikali ya kikoloni ikaweka kodi ya nyumba. Fikiria hiyo akili: unatoza nyumba ya mtu kodi ili mwenyewe alazimike kuitoka. Kodi ililipwa kwa pesa, na kwa wengi pesa zilikuwa kwa mzungu. Wanaume wakaanza kuondoka.

Baadaye kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukiacha kazi bila mwajiri kutia sahihi, unasakwa. Sasa hivi tunalalamika kuhusu programu ya kuhesabu dakika zako kwenye kompyuta, na tuna haki ya kulalamika, lakini wazo la kumfuatilia mfanyakazi kila anapokanyaga lina umri hapa kwetu. Kipande kilikuwa moja ya mambo yaliyompandisha Harry Thuku jukwaani. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Risasi zikafyatuliwa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 21 waliokufa, na mmoja wao ni Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewapa wanaume changamoto mbele ya bunduki.

Mji nao ulikatwa vipande. Wazungu walikaa juu kwenye baridi na miti, Wahindi wakapewa sehemu zao kama Parklands, na Waafrika wakasukumwa mashariki: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, baadaye Kaloleni na Makongeni. Wafanyakazi wa reli walikaa kwenye landi za Muthurwa, karibu kabisa na karakana. Vyumba vingi vilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja na kitanda, na mshahara ulipigwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mke na watoto walihesabiwa kwamba wanajilisha huko kijijini. Kwa hivyo mshahara wa Nairobi haukuwa wa kulisha familia, ulikuwa wa kumrudisha mtu kazini kesho. Na hili si fitina yangu. Kamati ya Carpenter, iliyoteuliwa na serikali hiyo hiyo ya kikoloni, ilitoa ripoti mwaka 1954 ikisema mishahara imekuwa ya mtu asiye na familia, na ikapendekeza ipandishwe polepole ifike kiwango cha kulisha watu wa nyumba. Mwaka huo huo, Aprili 24, Operesheni Anvil iliufunga mji na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa na kupelekwa kambini. Kuwa Nairobi ilikuwa ruhusa, na ruhusa inaweza kuondolewa asubuhi moja.

Sasa kuna kundi moja ambalo halikutembea kwenda kazini. Mpishi, yaya na mtunza bustani wa mzungu walilala nyuma ya nyumba ya bosi, kwenye kijumba kilichoitwa "boys' quarters", hata kama huyo boi ana wajukuu. Hao walikuwa Wanairobi waliofanya kazi na kuishi kwenye plot moja. Walipata nini? Kengele usiku. Chai ikitakiwa saa nne usiku, uko hapo, utasema uko wapi? Hiyo nyumba haijaenda popote. Fungua tangazo lolote la kupangisha Kilimani ama Lavington uone: vyumba vitatu na DSQ. Kwa hivyo mtu akiniambia kufanyia kazi unapolala ni uhuru, namuuliza: ni nani ana kengele?

Lakini wengi walitembea. Kutoka Eastlands hadi Industrial Area, hadi tao, kwa miguu, jua na matope. Mabasi yalianza mwaka 1934 na baadaye tukayajua kama KBS, ila nauli ilikuwa nauli na mshahara ulikuwa ule wa mtu mmoja na kitanda. Baada ya uhuru, vizuizi vya kuingia mjini vikalegea, watu wakaja kwa wingi na mabasi hayakutosha. Pengo likajazwa na vigari vya magendo vilivyochaji senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi, na hapo ndipo jina matatu linasemekana kutoka. Polisi walikuwa wanavikimbiza. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta akasema viachwe vibebe watu bila leseni ya usafiri. Nadhani huo ni uamuzi mkubwa kuliko barabara yoyote tuliyojenga. Serikali ilitambua kwamba lazima watu wafike kazini, halafu gharama ya kuwafikisha ikawaachia wao wenyewe na mwenye gari.

Yaliyofuata mnayajua. Nyayo Bus ilianza 1986 na ikafa. Michuki akaleta mkanda, kidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano mwaka 2004. Thika Road ikapanuliwa ikakamilika 2012. Expressway ya kilomita 27 ikafunguliwa 2022, na ukitaka kujua ilijengewa nani, simama Mlolongo saa kumi na mbili asubuhi uangalie nani yuko juu na nani yuko chini. Disemba 3, 2018 matatu zilipozuiwa kuingia katikati ya mji, watu walitembea kutoka Ngara, Muthurwa na kwingineko, wazee, wajawazito, watu wa magongo, na agizo likasimamishwa haraka. Mji mzima ulishangaa kuona watu wakitembea. Lakini kila asubuhi kuna Wanairobi wengi sana wanaotembea Jogoo Road kwa sababu hawana nauli, na hao hawaingii kwenye habari.

Halafu ikaja 2020. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wanaoweza kufanyia kazi nyumbani wafanye hivyo. Kitu ambacho miaka yote kilikuwa "hakiwezekani" kiliwezekana wikendi moja. Ila kwa nani? Mtu wa hesabu, wa benki, wa mashirika. Soja wa geti hawezi kulinda geti akiwa Kayole. Makanga wa gari la watu 14 aliambiwa abebe 8. Mama wa chapati pale nje ya majengo ya ofisi alipoteza wateja wote siku moja, kwa sababu yeye anaishi kwa safari za wengine. Na Aprili 6 Nairobi ilipofungwa, watu waligundua wanaambiwa wafanyie kazi nyumbani wakati nyumbani kwenyewe hawaruhusiwi kwenda. Walibaki kwenye keja, chumba kimoja, mtoto analia, jirani anapiga muziki, tokeni za stima zinaisha katikati ya mkutano.

Hapo ndipo nasimama kwenye huu mjadala. Sipendi jam, na masaa matatu kwa siku barabarani ni wizi. Lakini bosi akikuambia ukae nyumbani, ameokoa kodi ya ofisi, stima na intaneti, na wewe umeanza kuzilipa kutoka kwa ule ule mshahara. Akikuambia urudi, unalipa nauli na ule muda. Njia zote mbili bili inakuja kwako. Angalia sheria: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe nyumba ama pesa za kutosha za kodi. Wakoloni walituachia wazo kwamba mfanyakazi lazima alale mahali. Kuhusu atafikaje kazini, sheria hiyo haimlazimishi mwajiri kulipa hata shilingi. Mtumishi wa serikali ana marupurupu ya usafiri. Msichana wa duka la nguo Moi Avenue anayeshuka Githurai usiku hana chake ila bahati ya mwajiri mwema.

Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada Seneti kwamba mfanyakazi asilazimike kujibu simu na ujumbe wa bosi baada ya saa za kazi. Watu wengi walicheka, wakauliza Mkenya gani atamzimia bosi simu. Ningependa kusikia yule mpishi wa kule nyuma ya nyumba angejibu nini.