Kutoka Gita la Umeme hadi Nyuzi Nane

Mwaka 1976 kampuni ya EMI ilitoa jijini Nairobi santuri iitwayo Something for Someone. Bendi iliyoirekodi, Black Savage, ilikuwa ya vijana wa mjini walioimba zaidi kwa Kiingereza, gita zao zikinguruma kirock na besi ikienda kifanki. Miongoni mwao walikuwemo Gordon Ominde, Mbarak Achieng na kijana mzaliwa wa Mombasa, Job Seda. Huyo Seda ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti, kinubi cha nyuzi nane cha Wajaluo.

Wengi wanaompenda Ogada humsimulia kama mzee wa kijijini aliyeibuka moja kwa moja kutoka kingo za Ziwa Victoria na ala ya mababu begani. Simulizi hiyo inamnyima haki yeye na inaunyima haki mji uliomlea. Nyatiti yake ilipitia rock kwanza. Ilipitia Kenyatta Avenue, ikapitia Karen, ikapitia vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London. Ukimsikiliza bila kuijua njia hiyo, utasikia uzuri wake lakini hutajua ni kwa nini hafanani na mpiga nyatiti mwingine yeyote.

Nairobi ya miaka ya 1970 ilijaa bendi. River Road na barabara za jirani palikuwa na maduka ya santuri na watayarishaji, na benga, muziki wa gita wenye asili ya Nyanza, ndiyo iliyotawala huko, Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz yake wakiwa mbele. Simba Wanyika walikuwa wamefika kutoka Tanga kupitia Mombasa, na Wakongo wa Super Mazembe walikuwa wamepiga kambi jijini. Ukipanda upande wa magharibi hadi Milimani, kulikuwa na Starlight, klabu iliyosimama pale ilipo leo Integrity Centre. Huko soul ya Kimarekani ndiyo iliyochezwa, na vijana waliovaa suruali pana hawakutaka kusikia habari ya muziki wa nyumbani. Redio nayo ilipendelea nyimbo za nje kiasi kwamba mwaka 1980 serikali iliamuru asilimia 75 ya muziki unaopigwa na redio ya taifa, Sauti ya Kenya, uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu hata mwezi.

Kwa hiyo kijana wa Nairobi aliyetaka kupiga rock hakuonekana kituko. Kulikuwa na waliomtangulia. Matata, kundi la akina Steele Beauttah, lilihamia London mapema miaka ya 1970 likarekodi huko fanki iliyochanganywa na maneno ya Kiswahili. Osibisa, kundi la Waghana na Wakaribiani lenye makao London, walikuwa wamewaonyesha vijana wa Afrika nzima kwamba ngoma na gita la umeme vinaweza kukaa jukwaa moja bila kimoja kukimeza kingine. Black Savage walizaliwa katika hewa hiyo.

Seda alikuwa na mzigo mwingine pia. Akiwa mtoto mdogo aliishi Marekani na wazazi wake, ambao walikuwa wakiwaimbia wasikilizaji wa vyuoni nyimbo za Kijaluo. Fikiria athari yake. Mtoto wa Kijaluo anakutana na muziki wa kwao jukwaani, ukipigiwa makofi na wageni, kabla hajapata nafasi ya kuuona kama jambo la matanga ya kijijini tu. Aliporudi Kenya na kukua Nairobi, hakuwa na ile aibu iliyowasumbua wenzake wengi wa mjini. Nadhani ndiyo maana katika kipindi kile kile cha Black Savage, katikati ya nyimbo za Kiingereza, ukachomoza wimbo wa Kijaluo, Kothbiro, yaani mvua inakuja. Umepigwa na bendi ya rock, lakini sauti inayoongoza inaita kama mtu anayewaita watoto waingie ndani kabla ya matone ya kwanza.

Mwaka 1979 alichukua hatua iliyobadilisha kila kitu. Katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, palikuwa na African Heritage, jumba la sanaa lililoanzishwa mapema miaka ya 1970 na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, mkewe Sheila, pamoja na Mmarekani Alan Donovan. Watu walikwenda kutazama vinyago, vito vya shanga na vitambaa kutoka kila pembe ya bara, kisha wakaketi mkahawani. Bendi iliyozaliwa pale ilibeba jina la jumba lenyewe: African Heritage Band. Seda alikuwa mmoja wa waanzilishi. Gido Kibukosya alipita humo, na Samite, mpiga filimbi aliyekimbia Uganda mwaka 1982, alipiga nao kabla ya kuhamia Marekani.

Hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Wanamuziki hao walifanya kazi wakiwa wamezungukwa na ala halisi. Ngoma na vinubi havikuwa picha kitabuni, vilikuwa vimetundikwa ukutani karibu na meza yao. Gita la umeme na drams vilibaki, lakini sasa vilipaswa kuongea na vibuyu, filimbi na nyatiti, na kila ala ya kiasili ilikuwa na tyuni yake isiyokubaliana kirahisi na gita. Mpiga gita alilazimika kupunguza nyuzi anazogusa, mpiga drams alilazimika kushusha mkono. Ni shule ngumu, na ndiyo iliyomfundisha Seda kwamba ukimya kati ya noti mbili ni sehemu ya wimbo.

Ni vizuri kukumbuka benga ilikuwa imefanya nini. Wapiga gita wa Nyanza walichukua vidole vya nyatiti wakavihamishia kwenye gita la solo, na huo ndio msingi wa mlio ule mkali wa haraka uliotikisa Afrika Mashariki na ukafika hadi Zimbabwe. Safari yao ilitoka kwenye nyatiti kwenda kwenye gita. Job Seda alienda kinyume. Alianza na gita na kelele za jiji, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akabaki na nyuzi nane. Simjui mwanamuziki mwingine wa kizazi chake aliyeisafiri njia hiyo kwa ukamilifu kama yeye.

Katikati ya miaka ya 1980 filamu ya Out of Africa ilipigwa Kenya, kisa chake kikiwa cha shamba la kahawa la Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong, upande ambao leo ni mtaa wa matajiri wa Karen. Ilitoka mwaka 1985, na katika orodha ya waigizaji yumo Job Seda kama Kanuthia. Ni nafasi ndogo, na haikumfanya nyota.

Mwaka 1986 aliondoka kwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Huko bendi haikuwepo tena. Alipiga mitaani na kwenye vituo vya treni, watu wakipita na kudondosha sarafu, hadi waandaaji wa tamasha la WOMAD walipomsikia. Mwaka 1988 alisimama kwenye jukwaa lao huko Cornwall. WOMAD lilikuwa limeasisiwa na Peter Gabriel na wenzake. Gabriel naye, aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, alikuwa ameiacha rock ya nyimbo ndefu zenye maigizo akawa anatafuta midundo ya Afrika na Asia. Wawili hao walikutana kila mmoja akiwa ametokea rock na kuelekea kwingine, na baadaye Ogada alizunguka katika ziara za Gabriel. Ni huko Uingereza alikoanza kujulikana kwa jina la Ayub Ogada.

Nyatiti yenyewe ni ala ya kutazamwa kwa karibu. Bakuli la mti lililochongwa hufunikwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili ya mti huinuka kutoka kwenye bakuli na kushikana na mti wa juu uliokingama, ambako nyuzi zote nane zimezungushiwa vitambaa, na mpigaji hupata tyuni kwa kuvikaza au kuvilegeza. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi wengi hutumia nailoni ya kuvulia samaki. Kijidaraja kinachozibeba hushikizwa kwenye ngozi kwa nta, na hapo ndipo unapotoka ule mvumo wa kukwaruza kidogo ambao mgeni hudhani ni ubovu. Jathum, kama Wajaluo wanavyomwita mpigaji, huketi kwenye kigoda kifupi sana. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma inayogonga mti wa ala, na njuga hufungwa mguuni. Mtu mmoja anakuwa bendi nzima. Nyatiti hupigwa kwa kasi, matangani na kwenye pombe, majina ya watu yakisifiwa kwa saa nyingi.

Ogada aliitwaa ala hiyo akaipunguzia mwendo. Albamu yake ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa na lebo ya Real World mwaka 1993, haina haraka hata kidogo. Nyuzi chache zinazunguka, vibuyu vinachakacha kwa chini, na sauti yake nyembamba inaelea juu bila kusukumwa. Kothbiro umo tena, lakini si ule wa Black Savage. Gita za umeme zimeondoka, drams zimeondoka, kilichobaki ni wito wenyewe. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote wa alichojifunza katika miaka 17 iliyotenganisha rekodi hizo mbili: alijua cha kuacha. Wako wapenzi wa nyatiti ya jadi wanaosema aliilainisha mno kwa ajili ya masikio ya Wazungu. Nawaelewa, maana ule ukali wa jathum wa Siaya haumo. Lakini hakudai kuwa jathum wa Siaya. Alikuwa mtu wa Nairobi, na muziki wa taratibu wa mtu aliye mbali na kwao ni mali halali ya Nairobi.

Mwaka 2005 Kothbiro ulisikika katika The Constant Gardener, filamu ya Fernando Meirelles iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, na mamilioni ya watu wakamjua kupitia hapo. Mwaka 2007 alirudi Kenya. Mwaka 2015 ikatoka albamu ya Kodhi, aliyofanya na Trevor Warren, mpiga gita Mwingereza, na humo gita limerudi kando yake, ila safari hii gita ndilo linalofuata.

Kisha Juni 2018 Kanye West akatoa albamu ya ye, na ndani ya wimbo wa Yikes ikasikika sampuli ya Kothbiro. Haikuwa sauti ya Ogada wa Real World. Ilikuwa ile ya Black Savage, ya vijana wa Nairobi wa 1976, na majina ya Mbarak Achieng na Ayub Ogada yakaingia kwenye orodha ya watunzi. Miezi minane baadaye, tarehe 1 Februari 2019, Ogada alifariki Nyahera, Kisumu.

Wanaoendeleza nyatiti wapo. Suzanna Owiyo ameipiga kwenye majukwaa ya dunia ingawa mila iliiweka mikononi mwa wanaume, na Mjapani Eriko Mukoyama, maarufu kama Anyango, alikwenda kuisomea Nyanza kwa mzee Okumu K'Orengo. Kinachonisumbua ni upande wa rock. Santuri za Black Savage na African Heritage Band zinatafutwa leo na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambazo kijana wa Kawangware hawezi kuzimudu. Vitu alivyokusanya Murumbi vinaonyeshwa katika Jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, mlangoni mwa watu wanaoshuka matatu kila asubuhi. Ningependa santuri hizo ziwekwe humo pia, pamoja na mashine ya kuzipigia.