Salim Ahmed Salim na kisingizio cha mambo ya ndani

Likitajwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim, wengi hukimbilia mwaka 1981. Wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, akiwania Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ikampigia kura ya turufu duru baada ya duru, China nayo ikimfanyia vivyo hivyo Kurt Waldheim aliyekuwa na cheo hicho, mpaka nafasi ikamwangukia Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kisa hiki kinanoga, hasa kikiunganishwa na shangwe za wajumbe wa Afrika ukumbini siku China ilipopata kiti chake katika Umoja wa Mataifa, Oktoba 1971, shangwe zilizoiudhi Marekani. Lakini 1981 ni mwaka mmoja tu wa kazi iliyoanza 1964, kijana huyo wa Zanzibar alipopelekwa Misri kuwa balozi akiwa na miaka 22. Ukimpima kutokea Palma au Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, cheo alichokikosa si kitu kikubwa. Kikubwa ni kwamba kwa takriban miaka 30 alipambana na hoja moja: kwamba yanayowapata watu ndani ya mpaka wa dola ni mambo ya ndani ya dola hiyo, jirani hayamhusu.

Ureno iliing'ang'ania hoja hiyo kwa ukaidi wa pekee. Mwaka 1951 ilibadili katiba yake, na Msumbiji haikuitwa tena koloni bali jimbo la ng'ambo, kana kwamba Mueda, mji wa Cabo Delgado, ni kitongoji cha Lisbon. Kwa mantiki hiyo, hata vita vya ukombozi vilivyoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964 havikuwa na la kuuhusu ulimwengu. Salim alishika uenyekiti wa Kamati ya 24 ya Umoja wa Mataifa, ile ya kuondoa ukoloni, mwaka 1972. Aprili mwaka huo wajumbe watatu waliotumwa na kamati waliingia maeneo yaliyokombolewa ya Guinea-Bissau bila kumwomba Mreno ruhusa. Novemba, Baraza Kuu likatamka kuwa vyama vya ukombozi ndio wawakilishi halisi wa watu wa makoloni ya Ureno, Msumbiji ikiwemo. Julai 1973 padri Adrian Hastings akafika mbele ya kamati hiyo hiyo kueleza mauaji yaliyofanywa na wanajeshi wa Ureno huko Wiriyamu, mkoani Tete, Desemba 1972. Suala ambalo Lisbon ilitaka libaki la nyumbani kwake likawa limeandikwa katika kumbukumbu za New York.

Mtu atasema kilichomng'oa Mreno ni bunduki, si hotuba, na kwamba nyuma ya Salim alikuwepo Rais Nyerere, pamoja na kambi za Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, huko Nachingwea, Tanzania. Ni kweli, na wanajeshi wa Ureno wenyewe ndio walioiangusha serikali yao tarehe 25 Aprili 1974. Ila baada ya mapinduzi hayo Jenerali Spínola, aliyeshika uongozi wa Ureno, alitaka kwanza kura ya maoni katika makoloni, na hakuipata. Mkataba wa Lusaka wa 7 Septemba 1974 Ureno iliutia saini na Frelimo peke yake. Kwa maoni yangu, utambuzi ule wa 1972 ulichangia kuifunga njia ya Spínola. Ulikuwa na gharama yake pia, maana chama kilichozoea kuitwa sauti ya taifa zima huwa kigumu kusikia sauti nyingine, na Wamwani, watu wa pwani ya Cabo Delgado, wanalijua hilo.

Uwaziri mkuu wa 1984 na 1985 nauruka. Haukudumu miaka miwili. Alipoingia Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kama Katibu Mkuu mwaka 1989, Salim alikuta kisingizio cha Mreno kimerithiwa na marais wa Afrika. Akawaambia kutoingiliana si kufumba macho. Mwaka 1993, mkutano wa Cairo ukaunda chombo cha kuzuia na kusuluhisha migogoro. Wapinzani huuliza: kilikuwa wapi wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, 1994? Kilikuwa kichanga, hakina fedha wala majeshi, na jibu hilo halimfariji aliyepoteza jamaa zake. Hata hivyo OAU iliunda jopo chini ya Ketumile Masire, rais wa zamani wa Botswana, kuyachunguza mauaji yale, pamoja na uzembe wake yenyewe. Mwaka 2000, huko Lomé, ikapatikana sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, ambayo inauruhusu Umoja huo kuingia nchi mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu.

Hata hivyo kisingizio kile hakikufa. Mocímboa da Praia iliposhambuliwa na waasi wenye silaha tarehe 5 Oktoba 2017, serikali ya Msumbiji mjini Maputo ilianza kwa kusema ni wahalifu tu, suala la polisi. Ikaleta mamluki wa Kirusi, kisha kampuni ya Afrika Kusini. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020, na Palma ikavamiwa Machi 2021. Watu walikuwa wamekwisha kuvuka mto Ruvuma kuelekea Tanzania, njia ile ile ya wakimbizi wa miaka ya 1960. Wanajeshi wa Rwanda na majeshi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), Watanzania wakiwemo, waliingia Julai 2021. Kifungu cha Lomé hakikutumika: waliingia kwa sababu Maputo hatimaye ilikubali, baada ya karibu miaka 4. Kikosi cha SADC kilifunga virago mwaka 2024. Wanyarwanda walibaki, kwa makubaliano ya serikali mbili.