Adhabu kwa makosa makubwa ya mtandaoni

Makosa makubwa ya mtandaoni ni yale yanayotendwa kwa simu au kompyuta na kumletea mtu madhara mazito: kudukua akaunti na kuiba fedha, kusambaza picha za ngono za watoto, kutishia watu, kuchochea chuki. Video iliyorushwa kutoka Munuki, Juba, huweza kuwasha moto Nairobi au Khartoum siku hiyo hiyo.

Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, ilitoa Amri ya Muda ya Makosa ya Mtandao 2021. Lakini namna mahakama inavyofikia idadi ya miaka ya kifungo huonekana vizuri zaidi kwa wanachama wenzake wa Jumuiya hiyo.

Hakimu huanza na mipaka ya sheria. Kenya, kwa sheria yake ya makosa ya mtandao ya 2018, imeweka kikomo cha juu: kumsumbua mtu mtandaoni ni hadi miaka 10 au faini ya shilingi milioni 20, na picha za ngono za watoto ni hadi miaka 25 au faini hiyo hiyo; mahakama inaweza pia kutoa adhabu zote mbili. Tanzania, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, imeweka kiwango cha chini. Anayetiwa hatiani kwa taarifa za uongo hapewi faini iliyo chini ya shilingi milioni 5, wala kifungo kisichofika miaka 3. Mwaka 2016 mahakama mjini Arusha ilimhukumu mtu aliyemtusi Rais Magufuli kwenye Facebook kulipa milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Kiwango cha chini kinamfunga hakimu mikono: mkosaji wa mara ya kwanza mwenye majuto ya kweli hawezi kushushwa zaidi ya hapo.

Ndani ya mipaka hiyo hupimwa ukubwa wa madhara, nia, rekodi ya mshtakiwa, umri wake, na kama alikiri kosa. Kukiri hakumhakikishii mtu huruma. Julai 2024 mahakama ya Entebbe, Uganda, ilimfunga miaka 6 kijana wa miaka 24 kwa video za TikTok zilizomtukana Rais Museveni na familia yake. Alikuwa amekiri na kuomba msamaha. Hakimu hakuona majuto. Miaka 6 kwa matusi ni mingi mno. Adhabu ingepaswa kufuata jeraha la aliyeumizwa, na mtoto ambaye picha zake zimesambazwa ameumia kuliko kiongozi yeyote aliyetukanwa.

Muda wa rumande nao huhesabiwa; Katiba ya Uganda, ibara ya 23(8), inaamuru hivyo. Agosti 2019 Stella Nyanzi, msomi na mwanaharakati, alihukumiwa miezi 18 kwa shairi aliloliweka Facebook kuhusu Museveni na mama yake mzazi. Miezi tisa aliyokwisha kukaa mahabusu iliondolewa.

Februari 2020 Jaji Henry Peter Adonyo wa Mahakama Kuu alifuta hatia hiyo: mahakama ya chini haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi, na haki ya mshtakiwa kusikilizwa ilikiukwa. Nyanzi alitoka akiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 15.