Muziki msikivu

Mwaka 2011 tuzo ya Grammy ilikwenda kwa mara ya kwanza kwa muziki uliotungiwa gemu, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili: "Baba Yetu", sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005. Ni fahari yetu, na ninaitaja ili niiweke kando. Wimbo ule hupigwa kwenye ukurasa wa kufungulia, kabla mchezo haujaanza. Unaanza, unakwisha, unarudi. Uguse vitufe usiguse, ni ule ule. Ninachokitafutia jina ni kitu kingine: muziki ambao hata mtunzi wake hajui utaelekea wapi usiku huu, kwa kuwa mwelekeo wake unaamuliwa na mchezo wenyewe.

Mfano wa awali unaotajwa sana ni Space Invaders, iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado katika kampuni ya Taito, Japani, mwaka 1978. Wavamizi 55 wanashuka kwa safu, na chini yao kuna noti nne tu, nzito, zinazoteremka na kurudiwa bila kukoma. Mchezaji anapowapunguza wavamizi, waliobaki huenda kasi zaidi, na zile noti nne nazo huharakishwa. Hakuna wimbo pale wa kuupigia mluzi njiani. Lakini viganja vinatoka jasho.

Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Koji Kondo alitumia mbinu hiyo hiyo kwa namna nyingine: saa ya mchezo ikishuka chini ya 100, unasikia mlio wa onyo, kisha wimbo uleule unarudi ukikimbia. Mwanazuoni wa Kanada Karen Collins, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu sauti za gemu, ametenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Mario akiruka, ule mlio wa kuruka ni jibu la kidole. Bila kitufe hausikiki. Muziki unaoharakishwa haujibu kidole. Weka pedi mezani, kunja mikono, muda ukikaribia kwisha utaharakishwa tu. Unafuata hali ya mchezo, si kitufe. Huu wa pili ndio ninaouzungumzia.

Kiingereza kimeuita kwa kitenzi ambacho wanabiolojia hukitumia kwa kiumbe aliyejirekebisha akafaa makazi yake. Tafsiri ya karibu ingekuwa "muziki wa kujirekebisha", ila kwetu anayejirekebisha alikuwa na kosa, na muziki huu haujakosa chochote. "Muziki mbadilifu" unajipendekeza zaidi, lakini mtu mbadilifu ni kigeugeu, anageuka bila sababu ya kueleweka. Hapa sababu ndiyo kila kitu. Kitenzi "kuitikia" kingefaa sana kama wanamuziki wasingekuwa wamekwisha kukichukua. Kiitikio kina kazi yake ndani ya wimbo, na waitikiaji wana yao.

Napendekeza "muziki msikivu". Kusikia kwa Kiswahili hakuishii sikioni. Mama anayelalamika kwamba mwanawe hasikii hatafuti daktari wa masikio, na aliyevunjika guu kwa kutosikia la mkuu alilisikia vizuri sana. Msikivu ni yule ambaye mwenendo wake unaonyesha kwamba maneno yamemwingia. Atakayesema kwamba wasomaji watadhani ni muziki mtamu masikioni, nitamkumbusha kwamba huo tunauita muziki unaosikilizika. Vinyambuo vya kitenzi vinatosha kutenganisha. Upatanisho nao hausumbui: wimbo msikivu, nyimbo sikivu, midundo misikivu.

Mpenzi wa taarab anaujua usikivu huu. Akina mama wakiinuka kwenda kutuza, mwimbaji haurukii ubeti unaofuata. Huurudia ule uliowainua, na wapigaji humfuata mpaka foleni ikatike. Tofauti ni kwamba mtunzi wa gemu hayupo ukumbini. Inambidi aandike mapema marudio yote na njia zote za kutokea, kisha aiachie programu uamuzi.

Programu ya kwanza iliyoifanya kazi hiyo kwa ufundi wa kutajwa ilitoka LucasArts, Marekani. Michael Land na mwenzake Peter McConnell waliunda mfumo ulioitwa iMUSE, ukatumika kwanza katika Monkey Island 2 ya mwaka 1991 na kupewa hataza mwaka 1994. Katika mji wa Woodtick ndani ya gemu hiyo, wimbo ni mmoja, lakini ukiingia nyumba hii unakuta ala hizi, nyumba ile ala nyingine, na ukitoka nje wimbo unarudi barabarani bila kukatika hata pigo moja. Faili la muziki lilikuwa na alama zilizotegwa ndani yake: hapa unaweza kutoka, hapa hapana, na ukitoka hapa pitia kwenye kiungo hiki kifupi kwanza.

Siku hizi njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kupandisha tabaka: sehemu kadhaa zinazokwenda pamoja kwa kasi moja, nyingine zikiwa zimefungwa sauti mpaka zihitajike. Katika Super Mario World ya mwaka 1990, Mario akimpanda Yoshi, ngoma zinaingia chini ya wimbo, akishuka, zinatoka. Ya pili ni kuunga vipande, na hapa ndipo mtunzi anapokonda. Adui akitokea katikati ya fungu la mapigo manne, muziki ukate pale pale au usubiri fungu liishe? Kwa kasi ya mapigo 60 kwa dakika, fungu moja ni sekunde nne, na ndani ya sekunde nne mchezaji anaweza kuwa ameshakufa huku vinanda vinabembeleza. Ukikata pale pale, sikio linashtuka kwa sababu isiyo ya adui. Wengi huchagua hila: wanapiga pigo moja zito papo hapo, na mlindimo wake unafunika mshono wakati kipande kipya kinasubiri zamu.

Bill Elm na Woody Jackson, watunzi wa Red Dead Redemption ya mwaka 2010, walilipunguza tatizo tangu studio: muziki mwingi waliurekodi katika ufunguo mmoja na kwa kasi moja ya mapigo 130 kwa dakika, hivyo karibu kipande chochote kingeweza kulala juu ya kingine. Gharama yake iko wazi. Ufunguo mmoja kwa saa nyingi ni chakula kimoja kila siku, na ni ustadi wa ala uliowaokoa.

Muziki msikivu una tabia moja mbaya: ni mmbeya. Katika Skyrim ya mwaka 2011 unaweza kuwa unatembea msituni huoni kitu, mara ngoma za vita zinaanza. Tayari umejua kuna anayekunyemelea, ingawa mhusika wako hajui. Vita vikiisha na ngoma zisikome, unajua amebaki mmoja kichakani. Wachezaji wazoefu huutumia kama mlinzi wa getini, jambo ambalo sidhani mtunzi alilikusudia.

Wabunifu wa Valve waliamua kuutumia umbeya huo waziwazi. Katika Left 4 Dead ya mwaka 2008, majitu hatari zaidi yana vidokezo vyao vya muziki, na kila mmoja wa wachezaji wanne husikia muziki unaofuata hali yake mwenyewe. Wamo katika mchezo mmoja kwa wakati mmoja, lakini aliyezingirwa anasikia fujo ambayo mwenzake aliyetangulia ghorofani haisikii. Anayetaka kuutoa muziki wa namna hiyo kwenye albamu anakaa studio, anachagua njia moja kati ya nyingi zilizowezekana, na kuitolea sauti ya mwisho ambayo ndani ya gemu haikuwepo kamwe.