Kukaa River Road

Asubuhi za Julai nikitoka Kangemi, matatu hunishusha Odeon saa moja kasoro. Nashuka na Latema Road mikono ikiwa mfukoni, nakata kona kuingia River Road, halafu naingia hoteli moja ya chini ambayo sitaitaja jina. Meza sita, mabenchi ya mbao, kuta za rangi ya kijani nusu na krimu nusu. Chai ya maziwa shilingi thelathini, mandazi kumi kumi. Ukutani kuna kibao cha zamani kimeandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga", lakini mama wa jikoni hukopesha tu.

Raha yenyewe si kubwa. Ni kushika kikombe kwa mikono miwili mpaka vidole virudi kuwa vyako. Ni mvuke usoni, ni mandazi ya kwanza kutoka kwa mafuta, ni kutoongea na mtu kwa dakika kumi na tano kabla ya kazi kukuita. Kama umewahi kuishi hii Nairobi na Julai ikakupata bila sweta, unajua ninachosema.

Wiki mbili zilizopita mama wa jikoni alinimiminia chai, akasimama hapo badala ya kurudi jikoni.

"Kunywa polepole, kijana wangu. Mwisho wa mwezi viti vinaenda."

"Vinaenda wapi, mathe?"

"Mwenye jumba anataka kugawa hapa. Vibanda kumi na mbili. Simu na kava."

Hesabu yake ni rahisi. Meza moja hukaliwa na watu wanne wa chai ya thelathini. Kibanda cha ukubwa huo huo hulipiwa kodi kila mwezi, watu wanunue wasinunue. Viti havilipi. Nilimaliza chai nikiwa na hasira ambayo sikuielewa, kwa sababu kweli, hoteli ya chai ni nini? Lakini mimi nililetwa hapa na Baba nikiwa darasa la tatu, na Baba aliletwa na Guka. Nikaanza kujiuliza kukaa kwetu kwenye hilo benchi kulianza vipi.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kukaa ni kuketi kitini. Kukaa pia ni kuishi mahali. Mtu akikuuliza "Unakaa wapi?" haulizi kuhusu kiti. Kwa miaka mingi watawala wa Nairobi hawakutaka Mwafrika akae mjini kwa maana yoyote kati ya hizo mbili.

Mji huu ulianzia kwa baridi. Jina lenyewe linatoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899, na wazungu wakapapenda kwa sababu ya hiyo hewa ya juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako Julai usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Wahindi wakafungua maduka. Barabara iliyofuata mto ikaitwa tu River Road, na majumba ya ghorofa mbili au tatu, duka chini na vyumba juu, yakapangana mpaka leo.

Mwafrika alitakiwa aje, afanye kazi, arudi kwao. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alibeba karatasi zake ndani ya kikopo cha bati, mara nyingi kikining'inia shingoni, na polisi wangeweza kumsimamisha popote. Mshahara ulipangwa kama wa kapera hata kama mtu ana mke na watoto watano kijijini. Nyumba zilijengwa kwa hesabu ya kitanda, si ya familia. Ulikodi nafasi ya kulala. Pa kuketi jioni na kuvua viatu hapakuwa kwenye hesabu ya mtu.

Pengo hilo lilijazwa na wanawake. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kiitwacho The Comforts of Home, kilichotoka mwaka wa 1990, kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni waliojulikana kama malaya. Aliwahoji wazee wenyewe. Kitu kilichonishangaza nilipokisoma ni kwamba biashara yao haikuwa ya mwili peke yake. Waliuza chai. Waliuza maji ya moto ya kuoga, chakula kilichopikwa, kitanda kilichotandikwa na mtu wa kuongea naye. Wengine walijenga nyumba zao Pumwani kwa pesa hizo. Yaani kuna wakati kwenye hii town, starehe ya kawaida kabisa ya nyumbani ilikuwa bidhaa, kwa sababu sheria ilikuwa imeiondoa nyumba yenyewe.

Tangu nisome hiyo, siwezi tena kuona kikombe cha chai asubuhi ya baridi kama jambo dogo.

Kule kwetu misimu ina majina ya chakula. Mvua ndefu za Machi hadi Mei, ambazo Kiswahili huita masika, Wakikuyu huziita mvua ya njahi, zile maharagwe nyeusi zenye mstari mweupe. Mvua za Oktoba hadi Desemba, vuli, ni mvua ya mwere, yaani mawele. Kati yao kuna gathano, baridi ya Juni hadi Agosti, na themithu, jua la Januari na Februari. Guka hakuwahi kusema "mwezi wa nne". Alisema "wakati wa njahi".

Ilikuwa wakati wa njahi, Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipoizingira Nairobi. Operesheni hiyo iliitwa Anvil. Maelfu ya askari na polisi walipita mtaa kwa mtaa wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na zaidi ya watu 20,000 walipelekwa vizuizini. Wengi walipitishwa Langata kuchujwa, kisha wakapakiwa kwenda Manyani na Mackinnon Road, mbali kwenye joto la njia ya Mombasa.

Guka alikuwa kijana, msaidizi wa fundi wa magari Grogan Road, ile tunayoiita leo Kirinyaga Road. Alishikwa River Road. Hadithi yake ilikuwa fupi na haikubadilika: alikuwa ameagiza chai, ikaletwa, akaambiwa asimame. Chai ilibaki mezani. Kuhusu Manyani hakutuambia karibu chochote, na sisi watoto tulijifunza kutouliza. Lakini ile chai ilirudi kila mara. Angesema ilikuwa imejaa, ilikuwa na maziwa, na alikuwa amelipa tayari.

Mwaka huo huo wa 1954 ndio ulioleta mpango wa Swynnerton, ambao ulifungua mlango kwa Waafrika wengi zaidi kulima kahawa na majani chai. Chai ilikuwa imepandwa Limuru tangu 1903, lakini kwa nusu karne mashamba yalikuwa ya walowezi na makampuni. Kwa hivyo Guka alitolewa kwenye chai yake mwaka ule ule watu wa kwao walipoanza kuruhusiwa kuipanda. Sijui kama aliwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Mimi naunganisha.

Hali ya hatari ilimalizwa rasmi Januari 1960. Guka aliporudi mjini, Baba anasema, kabla ya kutafuta kazi alitafuta benchi River Road, akaketi, akaagiza chai, akainywa yote. Hakuna mtu aliyemwambia asimame. Hiyo ndiyo hoteli. Imebadilisha wenyewe mara kadhaa, rangi ya ukuta pia, lakini Baba anaapa ni hiyo hiyo, na mimi nimeamua kumwamini.

Leo masika River Road ina raha yake. Mvua ikianza kama saa kumi jioni, watu wote wanakimbilia ndani. Mwenye mkokoteni, dada wa duka la simu, fundi wa saa, mimi. Hakuna anayeweza kwenda popote, kwa hivyo hakuna anayelaumiwa kwa kukaa. Mama anaongeza chai, chapo zinapita, mtu anaanza stori ya matatu iliyokwama Globe. Lakini mvua haimpendelei kila mtu. Mto ambao barabara hii imepewa jina lake uko hapo tu chini, na masika ya 2024 mito ya Nairobi ilivunja kingo, ikabeba nyumba na watu Mathare na kwingine, kisha serikali ikabomoa nyumba nyingine zilizokuwa kando ya mito. Mvua ni tamu ukiwa chini ya paa. Ndiyo maana nasema starehe huanza na mahali pa kukaa.

Vuli ni ya Baba. Alikuja mjini mwishoni mwa miaka ya sabini, bila kipande, bila mtu wa kumuuliza anatafuta nini. River Road ya wakati huo ilikuwa ya muziki. Maduka ya santuri yalikuwa hapa na mitaa ya karibu, Melodica ikiwa juu kidogo Tom Mboya Street, na spika ziliwekwa mlangoni zikitazama barabara. Joseph Kamaru kwa Kikuyu, D.O. Misiani na Shirati Jazz kwa Kijaluo, rumba ya Wakongo kwa kila mtu. Mtu aliweza kutembea kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho akasikia nchi nzima.

Baba hakuwa na pesa ya santuri wala mashine ya kuichezea. Alisimama chini ya kibaraza cha duka mvua ya mwere ikinyesha, akasikiliza upande wa kwanza, akangoja wageuze, akasikiliza wa pili. Anasema wenye maduka hawakuwafukuza, kwa sababu mlango uliojaa watu ni tangazo. Mpaka leo wimbo fulani wa Kamaru ukipigwa, ananyoosha mkono nje kidogo, kama anaangalia kama bado inanyesha.

Meja Mwangi aliiandika barabara hii kwenye riwaya yake ya mwaka wa 1976, Going Down River Road. Watu wake ni vibarua wanaojenga jumba refu mchana na kuhangaika pa kulala usiku. Uhuru ulikuwa umefika, kipande kimeenda, lakini kodi ilikuwa imechukua kazi ya polisi. Nikisoma leo nikiwa kwenye bedsitter yangu Kangemi, nacheka mahali ambapo pengine sikupaswa kucheka.

Kiangazi hakihitaji maneno mengi. Januari kwetu ni Njaanuari. Karo imelipwa, Desemba imekula kila kitu, jua linachoma mabati, na watu wanatembea kutoka tao mpaka Kangemi wakijifanya ni mazoezi. Raha ya msimu huo ni kipande cha tikiti maji, au muwa uliokatwa na kutiwa kwenye karatasi, ukitafunwa upande wenye kivuli. Na ni deni la chai. Daftari la mama wa jikoni lina jina langu kila Januari tangu 2019, na kila Februari limefutwa kwa mstari mmoja wa kalamu.

Jumamosi iliyopita nilimleta Baba. Nilimwambia kwa simu kwamba viti vinaenda, akanyamaza, kisha akauliza kama mandazi bado ni zile. Alipanda gari kutoka Kikuyu asubuhi, amevaa koti la Guka ambalo mabega yake ni makubwa kwake. Tuliketi benchi la ukutani. Nje kulikuwa na baridi ya ukungu, na vijana wa kanjo walikuwa wakimfukuza mama mmoja wa ndizi. Alikimbia na beseni, akaingia kwetu, akasimama katikati ya meza akihema.

Baba alisogea. "Kaa hapa, mama."

Alikaa. Mama wa jikoni alileta chai tatu bila kuulizwa. Yule wa ndizi alitaka kusimama kila mara kiatu kilipopita mlangoni, na kila mara Baba alimwambia amalize kwanza. Alimaliza. Akamwachia Baba ndizi mbili, akatoka.

Nilimuuliza Baba kama hii ndiyo hoteli kweli. Aliangalia kuta, akaangalia mlango, akasema Guka alikuwa akiketi akitazama nje, kwa hivyo lazima ilikuwa benchi hili. Hakusema zaidi. Alikunywa chai yake mpaka majani ya chini.

Siandiki hii ili uokoe hoteli. Ukisoma haya pengine vibanda vitakuwa vimesimama, na mimi pia hununua kava za simu. Nimeanza kutafuta kwingine. Kuna pahali Latema Road, ghorofa ya kwanza, ngazi zina giza lakini juu kuna meza nne na dirisha. Chai ni thelathini na tano. Nenda kabla ya saa mbili, kabla hapajajaa, na ukipata kiti usikinywee haraka kikombe chako.